Slesi ya jibini haifikii glasi ya maziwa

Ndugu, umeuliza kama mtoto asiyetaka maziwa anaweza kupewa slesi moja ya jibini, zile zinazofungwa mojamoja kwenye plastiki, ikawa ndiyo basi. Haifikii. Slesi ya gramu 20 hivi ina protini kama gramu 3 au 4, wakati glasi ya mililita 250 ina karibu 8. Kalsiamu hutegemea aina, maana viwanda vingine huongeza na vingine haviongezi.

Mimi ningeangalia zaidi chumvi. Ili jibini iyeyuke bila kuachana na mafuta yake, kiwandani hutiwa sodiamu sitrati au sodiamu fosfati, juu ya chumvi ya kawaida, na zote zina sodiamu, madini yaleyale ya chumvi ya mezani. Kwa hiyo slesi moja huwa na miligramu 250 hadi 300 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku, na mtoto apate pungufu zaidi. Slesi mbili ndani ya mkate, ambao nao una chumvi, hesabu yake unaiona mwenyewe.

Mafuta ni kama gramu 5, zaidi ya nusu yakiwa yaliyoshiba, yale yasiyofaa moyo yakizidi. Wapo wanaosema slesi hizi ni sumu; si sumu, watu hukuza mambo tu.

Geuza pakiti usome viambato: kikianza jibini, afadhali. Yakianza maji au mafuta ya mimea, irudishe rafuni. Na kama maziwa humsumbua tumbo, nyingi za slesi hizi zina unga wa maziwa, kwa hiyo laktosi, yaani sukari ya maziwa, imo.