Mfereji wa kutoa mchanga upimwe kwa mtiririko upi?

Swali: Mimi ni fundi katika mtambo mdogo wa kusafisha majitaka jijini Nairobi. Tunapokea wastani wa lita 50 kwa sekunde, na mvua ikinyesha zinafika 150. Tunapojenga upya mfereji wa kutoa mchanga, tuupime kwa kiwango kipi?

Jibu: Ndugu fundi, pimeni kwa lita 150. Mchanga mwingi huja na mvua, hasa za masika kati ya Machi na Mei, maji ya barabarani yenye udongo mwekundu yanapoingia kwenye mabomba kupitia mashimo yaliyoibwa vifuniko. Niliwahi kuitwa kwenye mtambo uliopimwa kwa wastani, nikakuta gurudumu la ndani la pampu limelika kingo hadi zikawa nyembamba kama ukucha.

Hesabu huanzia kwenye punje. Punje ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 0.2 huzama takriban mita 0.02 kila sekunde. Gawanya mita za ujazo 0.15, yaani zile lita 150, kwa 0.02, upate eneo la uso wa maji la mita za mraba 7.5, kisha ongeza asilimia 40 kwa sababu maji huvurugika yanapoingia na yanapotoka. Jumla ni 10.5. Maji yakienda mbele kwa mita 0.3 kwa sekunde, yanahitaji nafasi ya mita za mraba 0.5 ya kupitia. Kwa upana wa mita 0.8, kina cha maji ni kama mita 0.63 na urefu mita 13.1. Chini yake achia nafasi ya mchanga kutulia.

Ninalokusihi zaidi ni kuilinda kasi hiyo ya 0.3. Kina kisiposhuka wakati wa kiangazi, lita 50 zitapita kwa mita 0.1 tu kwa sekunde, na kinyesi kitatua pamoja na mchanga na kuoza. Kwa hiyo weka mwishoni bamba lenye mwanya mpana chini na mwembamba juu, uliochongwa kwa hesabu ili kina kipungue sawasawa na mtiririko, na maji yaanguke huru upande wa pili. Baadaye teka mchanga huo kwa koleo na uutazame: ukiwa wa kukwaruza na hauna harufu kali, kasi ni sawa, ukinata na kunuka, maji yanakwenda polepole mno.

Jengeni mifereji miwili, kila mmoja ukitosha lita 150, ili mmoja ufungwe na kuzolewa mchanga huku mwingine ukifanya kazi.