Zile ^H unapofuta herufi kwenye PuTTY
Ssebo, kibodi yako ni nzima, usikimbilie kununua nyingine. PuTTY, ile programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, inatuma msimbo namba 8 ukibonyeza Backspace, na seva yenu inasubiri 127, ndiyo maana ^H zinajipanga kwenye skrini badala ya herufi kufutika. Kwenye mipangilio ya PuTTY ingia Terminal, kisha Keyboard, chagua Control-? (127). Ukiwa unaona ^? basi fanya kinyume. Halafu rudi Session ubonyeze Save. Mimi nilisahau mara mbili kwenye seva ya ofisi moja hapa Kampala, nikaanza upya kila asubuhi. Kama mipangilio imefungwa, andika amri stty erase ^H baada ya kuingia kwenye seva, ila hiyo hudumu mpaka utoke tu.