Muulize Fundi: Risasi ya mwisho haipandi

SWALI: Shikamoo mzee. Namiliki kihalali bunduki ya bolti, ile ya kuvuta na kusukuma kwa mkono, Mauser ya 375, nawinda nayo msimu ukifunguliwa. Risasi mbili za kwanza zinapanda vizuri. Ya tatu bolti inaipita kwa juu, inafunga chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) ikiwa tupu, nikifyatua nasikia "ta" tu. Jirani anasema imechoka, niiuze.
Msomaji, Handeni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiuze. Ila usiingie nayo porini hadi ipone; nyati aliyejeruhiwa hakupi nafasi ya kukoki tena.

Kwanza tazama mkono wako unavyovuta bolti. Ukucha mrefu wa Mauser ya 1898, kile kibanio cha ubavuni mwa bolti, hukamata kitako cha risasi mara tu inapotoka kwenye magazini (kisanduku cha risasi), hata ukighairi katikati inarudi na bolti. Kiwanda cha Winchester walipouacha ukucha huo kwenye bunduki yao ya Model 70 mwaka 1964 wawindaji walilalamika sana, na mimi nawaunga mkono. Lakini ukucha haushiki risasi usiyoifikia: usiporudisha bolti hadi igote nyuma, itapita juu.

Unarudisha hadi mwisho na bado? Basi ni magazini. Ikijaa, springi imebanwa, inasukuma kwa nguvu. Ikibaki risasi moja imeshatanuka, na hapo ndipo ulegevu wake unapojitokeza. Fungua kifuniko cha chini. Springi ya Mauser ni bapa, ya kukunjwakunjwa; ncha nyembamba hukaa juu, kwenye kibao kinachosukuma risasi, na ncha pana kwenye kifuniko. Wenye haraka wakishasafisha huirudisha kinyume. Halafu pitisha kidole ukutani mwa magazini. Hapa Ngamiani, Tanga, kwa unyevu huu wa bahari, nakuta utando wa kahawia unaonata hata kwenye bunduki zilizolala kabatini. Kibao hakipandi kwa wepesi. Ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha kabisa, paka mafuta mepesi ya bunduki, kidogo tu. Mafuta ya kupikia hapana, yanageuka gundi.

Midomo ya magazini, kingo za juu zinazozuia risasi zisiruke, usiiguse kwa tupa, nakusihi. Chuma kikishaliwa hakirudi, na bunduki nyingi nzuri zimeharibiwa hapo.

Jaribu kwa risasi za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni), polepole kisha kwa kasi, bunduki ikiwa begani. Ikiendelea kuruka, fundi mwenye leseni abadili springi, kisha aijaribu kwa risasi za aina ileile unayowindia, maana pua butu na pua iliyochongoka hazipandi sawa.