Kwa nini watu wa Uingereza hulipia mgongo wakati hospitali ni bure

Ndugu zangu wa Tukuyu na Mbeya mjini, wakubwa shikamooni. Mmeniuliza kwa nini, ikiwa huku Uingereza matibabu ni bure, wagonjwa wa mgongo na kiuno hutoa fedha mfukoni kwenda kwa wataalamu wa osteopathia, yaani tiba ya kubonyeza na kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, na kama tumchangie mama mdogo akaonwe na yule bwana aliyefungua ofisi ya tiba hiyo karibu na Mwanjelwa. Nitajibu yote mawili bila kuficha, kwa kuwa kazi yangu ya kuwainua wazee vitandani na kuwaogesha imeniumiza kiuno na kunipitisha njia zote mbili.

Huduma ya afya ya taifa, yaani NHS, ilianza mwaka 1948 na huendeshwa kwa kodi. Wageni wengi tunaoomba viza hulipa pia ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni paundi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Mtu akipata ajali, kiharusi au saratani, hutibiwa bila kuulizwa bima, na kwa hilo nawaheshimu sana. Shida iko kwenye maumivu yasiyoua. Mwenye kiuno kinachouma hupiga simu kituo cha afya asubuhi na mapema, akibahatika huonana na daktari kwa dakika kama kumi, hupewa dawa za kutuliza maumivu na karatasi ya mazoezi, kisha jina lake huingizwa kwenye orodha ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ambako wiki hupita na wakati mwingine miezi. Hata kwa madaktari bingwa, lengo lililowekwa England ni mgonjwa aanze kutibiwa ndani ya wiki 18 tangu apewe rufaa, na lengo hilo halijafikiwa kwa miaka mingi. Muda wote huo anatakiwa kazini, na mwenye nyumba anadai kodi yake.

Hapo ndipo osteopathia inapopata wateja. Mara nyingi nafasi hupatikana ndani ya wiki hiyo hiyo, kwa malipo ambayo kwa wengi huanzia kama paundi 40 kwa kikao. Mtaalamu niliyemwendea alinisimamisha peku, akaniambia niiname polepole huku akitazama jinsi uti wa mgongo unavyojikunja, akaniuliza ninalalia ubavu gani na ninaiweka vipi miguu ninapomwinua mgonjwa. Ndipo akaanza kubonyeza pembeni mwa uti, kidogo kidogo, hadi akapafikia palipokaza, nikashtuka kabla sijamwambia kuwa ni hapo. Mtu aliyezoea kuhudumiwa harakaharaka na kuondoka na panadoli, akisikilizwa na kushikwa namna hiyo hujiona ametibiwa, na naamini hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote: wagonjwa wananunua muda wa kusikilizwa na tarehe ya uhakika.

Kama mikono hiyo inaishinda hospitali ni jambo jingine kabisa. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo anayelipa leo akapona mwezi ujao humshukuru aliyemkanda, ingawa huenda angepona vilevile. Mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu, ambao madaktari wa umma wa England huufuata, unakubali tiba ya mikono kwa kiuno pale tu inapoambatana na mazoezi. Imani ya Andrew Taylor Still, Mmarekani aliyeitangaza tiba hii mwaka 1874, kwamba kurekebisha mifupa na viungo huponya hata magonjwa mengine ya mwili, haijathibitishwa.

Tena, Uingereza ina sheria ya mwaka 1993 inayomkataza mtu kujiita mtaalamu wa osteopathia bila kusajiliwa, na hata aliyesajiliwa si daktari kwa cheo hicho. Marekani ni tofauti, kwani huko waliosomea fani hii ni madaktari kamili. Kwa hiyo bwana wa Mwanjelwa aulizwe kwa heshima alisomea nchi gani, na kama Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria yetu ya mwaka 2002, linamtambua.

Mama mdogo amebeba mikungu ya ndizi kwenye milima ya Rungwe tangu usichana wake, na inawezekana kiuno kimechoka tu. Lakini kifua kikuu hushambulia hata mifupa ya mgongo, na mgongo wa namna hiyo haufai kuvutwa wala kubonyezwa na mtu yeyote. Muulizeni kama anapata homa za usiku, kama amepungua uzito, kama miguu inaishiwa nguvu au ana ganzi baina ya mapaja, na kama mkojo unamponyoka au unakataa kutoka. Dalili za miguu, ganzi na mkojo zikiwepo, apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya siku hiyo hiyo. Zisipokuwepo, bado aanze na daktari wa hapo Tukuyu. Nauli na gharama za vipimo nitatuma mimi, na fedha za bwana wa Mwanjelwa zisubiri majibu ya vipimo.