Maswali ya Wasomaji: Kaunta ya Jikoni, Uliza Kwanza Kuna Gundi Kiasi Gani

SWALI: Nabadilisha kaunta ya jikoni. Muuzaji ana aina nne: fomaika, akriliki, kwatzi ya kiwandani na kaure nene. Zote nne anasema haziogopi moto. Nimwamini?

JIBU: Mwamini kwenye kaure tu. Hizo nyingine tatu zina resini, yaani gundi ya kemikali, na kwenye moto resini ndiyo hutangulia kuharibika.

Kwatzi ndiyo huwadanganya wengi, kwa kuwa inaitwa jiwe. Ni kweli kwamba asilimia 90 au zaidi ya uzito wake ni madini ya kwatzi yaliyosagwa. Lakini chembe hizo zimeshikanishwa kwa resini ya poliesta, kisha zikashindiliwa kwa mtetemo huku hewa ikinyonywa. Resini hiyo huanza kuharibika kwenye nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na mafuta ya kukaangia huwa na nyuzi 180. Kikaango kikitua hapo moja kwa moja huacha alama. Kuna na hatari ya ufa: pale palipopata joto hutanuka ilhali pembeni bado ni baridi, na bao hupasuka, mara nyingi kuanzia kwenye pembe ya tundu la jiko.

Akriliki, ambayo kampuni ya DuPont iliibuni mwaka 1967 kwa jina la Corian, ni theluthi moja resini na theluthi mbili unga wa madini ya alumini. Huharibika kwa joto mapema kuliko kwatzi. Sifa yake iko kwingine: maungio yake hayaonekani, na ikikwaruzwa unaisugua mwenyewe kwa msasa namba 220, kisha 320, kisha 400, kwa mizunguko, ukipanua eneo kidogo kidogo ili pasibaki shimo. Kwa nyumba yenye watoto na visu vingi, sifa hiyo si ndogo. Fomaika ni tabaka za karatasi zilizoloweshwa resini, unene wake haufiki milimita 1, zimebandikwa juu ya ubao wa chembe, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi.

Kaure haina resini kabisa. Ni udongo na madini yaliyoshindiliwa na kuchomwa kwa nyuzi 1,200 hivi, kwa hiyo sufuria ya moto haiitishi, wala jua. Udhaifu wake ni ukingo: sufuria nzito ikigonga hapo, kipande humeguka. Tena maua yake mara nyingi yamechapwa juu tu, basi pakimeguka panaonekana rangi nyingine. Omba uone kipande kilichokatwa, usitazame uso peke yake.

Hakuna sheria inayokulazimisha kutumia kitu kimoja jikoni kote. Kaure kando ya jiko na kwatzi kwingine ni mpango mzuri, mradi unene ulingane.

SWALI: Kwatzi yangu nyeupe imepata doa la manjano karibu na jiko. Nimesugua kwa dawa ya kusafishia oveni, limezidi. Nifanyeje?

JIBU: Acha dawa hiyo leo hii. Ni kali mno, nayo hula resini ileile. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha, halafu pitisha kidole na utazame kwa pembeni kwenye mwanga. Pakiwa laini na pang'avu kama kwingine, huenda ni uchafu wa chakula na utatoka taratibu. Pakiwa pamefifia au pana mkwaruzo, resini imeungua, na hakuna dawa ya dukani itakayoirudisha. Fundi anaweza kukata sehemu hiyo na kupachika kipande kingine. Kama doa liko upande wa dirisha, chunguza jua pia: mwanga wake hugeuza resini kuwa manjano, ndiyo maana kwatzi ya kawaida haiwekwi nje.

SWALI: Fomaika imevimba kuzunguka sinki. Inarudi ikikauka?

JIBU: Hairudi. Ubao wa chembe ukishavimba, chembe zimeachana. Bonyeza kwa bisibisi. Ikizama, badilisha bao. Kosa lilianza siku ya kukata tundu, ukingo ulipoachwa wazi. Safari hii, kabla ya kuweka sinki, sugua ukingo kwa msasa, pangusa vumbi, paka vanishi isiyopitisha maji mara mbili ukisubiri ikauke kila mara, kisha zungusha silikoni bila kuacha mwanya chini ya mdomo wa sinki. Sinki ya kuning'inizwa chini ya bao usiiweke kwenye fomaika ya kawaida.

SWALI: Fundi anataka kukata tundu la sinki kwenye kwatzi hapa nyumbani kwa grainda, bila maji. Pia, kabati zangu za zamani zitabeba?

JIBU: Mkatalie. Vumbi la kwatzi lina silika nyingi, yaani madini yanayopatikana kwenye mchanga na mawe, na likivutwa hutia mapafu makovu: huo ni ugonjwa wa silikosisi, usiopona. Australia ilipiga marufuku kaunta za aina hii kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo. Tundu likatwe karakana, kwa maji na kwa mtambo wa kunyonya vumbi, kwa kufuata kiolezo kilichopimwa kwako. Pembe za ndani ziwe za mviringo, nusukipenyo angalau milimita 10; pembe kali ndipo ufa unapoanzia.

Kuhusu kabati, piga hesabu: kwatzi ya milimita 20 ina kilo 50 hivi kwa mita ya mraba. Bao la mita 2.4 kwa sentimita 60 ni kilo 72, kabla ya sinki kujaa maji. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya kabati. Ukiona mwanya wa zaidi ya milimita 3, sawazisha kwanza. Bao likichomoza zaidi ya sentimita 30 bila kabati chini, liwekewe mikono ya chuma.