Kabla ya Kukariri Roma, Pima Kilwa: Kwa Mnaoanza Usanifu Majengo

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Newala, aliyemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya kusomea usanifu majengo, aliniandikia akiuliza kama ni kweli kwamba somo la historia na nadharia huwaangusha wanafunzi wa mikoa yetu ya kusini, kwa kuwa majengo yanayofundishwa hawajawahi kuyatia machoni. Mdogo wangu, umegusa mahali ambapo bado panauma, kwa hiyo utanivumilia nikikujibu kwa urefu.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko. Mwaka wa kwanza tulianza na mahekalu ya Wagiriki, tukaja kwa Vitruvius, Mrumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo aliyetaka jengo liwe imara, lifae na lipendeze, tukapita Hagia Sophia, kanisa kubwa la Istanbul lililokamilika mwaka 537, hadi shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1919. Sikuwa na ugomvi na mihadhara hiyo, na sina hata leo. Kilichonikera ni kwamba nilipoomba kuandika insha ya muhula kuhusu Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mhadhiri wangu alitamka mbele ya darasa zima kwamba magofu ni kazi ya wanaakiolojia, na kwamba mimi nilikuja pale kusomea usanifu. Darasa lilicheka, na baadhi ya waliocheka leo huniomba michoro yangu.

Niliiandika hivyo hivyo. Likizo ilipofika nilichukua kibali, nikavuka na binamu yangu, ambaye ni fundi mashua, tukaupima msikiti ule nguzo kwa nguzo. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe. Ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Nyongeza hiyo ilikuja kubomoka, ikajengwa upya katika karne ya 15 kwa kuba na matao juu ya nguzo za pembe nane. Hapo ndipo mihadhara ilipoanza kuniingia, kwa maana kuba ya Hagia Sophia nayo ilianguka mwaka 558, ikajengwa nyingine iliyoinuka zaidi ili msukumo wake wa pembeni upungue. Sikudai kwamba majengo hayo mawili yalianguka kwa sababu moja. Nilichoonyesha katika mchoro wa mkato, yaani jengo likichorwa kana kwamba limepasuliwa wima, ni jinsi uzito wa kuba unavyosukuma nje, na unene wa nguzo na kuta zinazoupokea msukumo huo.

Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu ya mji wa kale, ndiko nilikojifunza zaidi. Katika nyumba zake za mawe vyumba ni virefu lakini vyembamba, na kila nilipotandaza futi upana ulirudi pale pale, mita mbili na nusu au karibu mita tatu. Nilikuwa nimeshaandaa nadharia nzito kuhusu faragha ya familia za matajiri. Binamu yangu, akiwa ameshika ncha ya futi bila hata kuinua kichwa, akasema, “Boriti ya mkoko haikupi zaidi ya hapo.” Faragha ilikuwamo pia, lakini kipimo kilitoka kwenye mti. Alinionyesha vilevile tofauti ya mawe: matumbawe ya nchi kavu hujaza ukuta, ilhali yale yanayokatwa mwambani yakiwa mabichi ni laini, huchongeka kwa miimo ya milango na mihrabu, kisha hukauka yakawa magumu.

Hesabu za zege na taratibu za zabuni nazipita, kwa kuwa zinasomeka kwa subira tu. Katika mradi wa mwisho nilisanifu nyumba za wauguzi mjini Lindi zenye vyumba vyembamba vinavyopitisha upepo wa bahari, na jopo likanipa alama ya juu kuliko wote darasani. Mhadhiri wangu yule alikuwapo, na hadi leo hajaniambia neno.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa kusini: pimeni kwanza, ndipo msome. Choreni kwa mkono, kisha mpime tena. Msiende chuoni kama waombaji wa historia wakati Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Kijana anayejua picha za Paris kwa simu, asijue dari ya bibi yake imebebwa na nini, hajaanza kusoma usanifu, hata awe na kompyuta ya bei gani. Pimeni, nasema tena.

Kwako wewe wa Newala, Mikindani ni karibu kuliko Kilwa. Anza na Boma la Wajerumani la mwaka 1895, kisha ushuke kwenye nyumba za mawe za mji mkongwe. Omba ruhusa kwa wenyewe kabla ya kuingia, nenda asubuhi jua likiwa bado halijawa kali, na tafuta mtu wa kukushikia ncha ya pili ya futi, ikiwezekana fundi.