Kifurushi kimepanda, faili bado linatambaa

Swali: Ofisini kwetu tuna kompyuta tisa, zote zimeungwa kwa kebo kwenye swichi moja (kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisini), na swichi imeungwa kwenye ruta inayotupeleka kwenye intaneti. Nikinakili faili la gigabaiti 4 kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, inachukua karibu dakika sita. Mikutano ya video nayo inakwamakwama. Tulipandisha kifurushi cha intaneti kutoka Mbps 20 (megabiti kwa sekunde) hadi 100, lakini hakuna kilichobadilika. Fundi anasema tubadili DNS tuweke 8.8.8.8 ya Google, kisha tununue ripita ya Wi-Fi, kile kifaa cha kurudia mawimbi yafike mbali. Tufuate ushauri wake?

Jibu: Hapana. Ripita msinunue, na DNS iacheni ilivyo. Hizo dakika sita ulizozitaja zimeshaonyesha tatizo lilipo, na fundi wako angelijua hilo kama angepiga hesabu ya mstari mmoja kabla ya kutoa ushauri.

Gigabaiti 4 ni megabaiti 4,000, na dakika sita ni sekunde 360. Ukigawanya unapata kama megabaiti 11 kwa sekunde. Baiti moja ina biti nane, kwa hiyo hiyo ni karibu Mbps 89. Sasa, kebo inayofanya kazi kwa Mbps 100, ukiondoa vichwa vya pakiti (maelezo ya anwani yanayotangulia kila kipande cha data) na nafasi inayoachwa kati ya fremu na fremu (fremu ni bahasha inayobeba pakiti kwenye kebo), hupitisha data halisi isiyozidi Mbps 94 au 95. Faili lenu limegota kwenye ukomo wa Mbps 100 wa kebo au wa swichi. Kwamba kifurushi chenu kipya nacho kinaitwa 100 ni nasibu tu. Ushahidi umo kwenye swali lenyewe: mlipokuwa na Mbps 20, faili lilichukua muda uleule. Lingekuwa linapita kwenye intaneti, lingetumia karibu dakika 27.

Hapa ndipo penye dhana inayowagharimu watu wengi, kwamba kila data "inapita kwenye intaneti". Haipiti. Kompyuta yenye anwani 192.168.1.14 ikitaka kupeleka faili kwa 192.168.1.20, kwanza inatazama barakoa ya mtandao. Kama ni 255.255.255.0, basi namba tatu za mwanzo zikifanana, mwenzake ni jirani. Inatangaza kwa wote waliopo: nani mwenye 192.168.1.20? Mwenye anwani hiyo anajibu kwa kutaja anwani yake ya MAC, ile ya biti 48 iliyo kwenye kadi ya mtandao. Kuanzia hapo faili linakatwa vipande vya baiti 1,460, kila kipande kinavikwa vichwa vya TCP (inayohakikisha vipande vyote vinafika) na IP (inayobeba anwani) kufikia baiti 1,500, kinawekwa ndani ya fremu na kurushwa kwenye kebo. Faili lako moja ni vipande kama milioni 2.7. Swichi inasoma MAC ya anayepelekewa na kuitoa fremu kwenye tundu lake peke yake. Njia ya kwenda kwa mtoa huduma haiguswi hata kidogo. Unaweza kuchomoa kabisa kebo inayotoka nje, na faili litaendelea kunakiliwa kwa mwendo uleule. Jaribu.

DNS nayo kazi yake ni kugeuza jina kuwa anwani ya IP. Kompyuta inauliza mara moja, inahifadhi jibu kwa muda, basi. Haibebi baiti hata moja ya faili wala ya video. DNS ikiwa nzito, utaona tovuti inachelewa kuanza kufunguka, kisha inashuka kwa kasi yake ya kawaida. Anayeibadilisha kwa kila malalamiko hajapima kitu. Na ripita kwenye ofisi ambayo mashine zote ziko kwenye kebo, kwa kweli sielewi itarudia nini.

Turudi kwenye kebo. Mbps 100 hutumia nyaya nne tu kati ya nane: namba 1, 2, 3 na 6. Mbps 1,000 inahitaji zote nane. Ukikatika mmoja kati ya 4, 5, 7 au 8, au kichwa cha RJ45, ile plagi ya mwisho wa kebo, kikikrimpiwa (kubanwa kwa koleo) vibaya hata pini zake zisifikie shaba, kompyuta haitakwambia kuna hitilafu. Mara nyingi itashuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea na kazi. Ndiyo maana tatizo hili hukaa miaka bila kuonekana: taa zinawaka, tovuti zinafunguka, kila mtu anailaumu intaneti.

Angalieni hivi. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter`, kisha soma safu ya LinkSpeed. Kwenye Linux ni `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi. Kama kompyuta zote tisa zinasoma 100 Mbps, mshukiwa wa kwanza ni swichi. Igeuze, soma kibandiko chake: ikiandikwa 10/100 pekee, dawa ni swichi ya 10/100/1000 na si kingine. Kama baadhi zinasoma 1 Gbps (yaani Mbps 1,000) na nyingine 100, swichi yenyewe inamudu 1 Gbps. Chukua kebo ya kompyuta inayosoma 1 Gbps, iunge kwenye ile inayosoma 100, ukitumia tundu la swichi lilelile ambalo hiyo ya 100 ilikuwa ikitumia. Ikipanda, kebo ya zamani ndiyo mbovu. Isipopanda, jaribu tundu jingine la swichi, kisha tazama kadi ya kompyuta hiyo, kwani huenda yenyewe ni ya 100. Kumbuka pia kwamba mwendo huamuliwa na kiungo dhaifu zaidi njiani. Kompyuta moja ikiwa kwenye 100, mwenzake kuwa kwenye 1,000 hakusaidii.

Kisha tenganisha mtandao na diski. Weka iperf3, programu ya kupima mwendo wa mtandao, kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye moja andika `iperf3 -s`, kwenye nyingine `iperf3 -c 192.168.1.20`. Ukipata kama 94, bado mko kwenye 100. Ukipata kama 940, mtandao hauna hitilafu; faili likiendelea kutambaa, kagua diski. Kwenye gigabiti, faili lako linapaswa kumalizika ndani ya sekunde 40 hivi kama diski zinamudu.

Kosa la kukrimpu linaloniudhi kuliko yote ni la jozi zilizogawanyika. Mtu anapanga rangi kwa jinsi zinavyopendeza: chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili. Anafanya hivyo pande zote mbili, anachomeka kipima chenye taa nane, zinawaka moja hadi nane kwa mpangilio, anakusanya vifaa vyake na kuondoka. Kile kipima kinajua tu kama waya umefika upande wa pili. Hakijui umesokotwa na nani. Mpangilio sahihi wa T568B, kiwango cha kupanga rangi za nyaya, ni nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Utaona kijani zimeachana, namba 3 na 6, na buluu ziko katikati. Hiyo ina sababu: ishara ya 3 na 6 lazima isafiri kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa kuwa msokoto ndio unaofuta kelele za nyaya jirani. Ukiwapa 3 na 6 nyaya za misokoto tofauti, kelele inaingia na fremu zinaharibika. Kwa sababu hiyohiyo usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya kichwa.

Fremu iliyoharibika haitengenezwi njiani. Mwishoni mwa kila fremu kuna namba ya ukaguzi ya biti 32. Isipolingana, fremu inatupwa bila taarifa. Kwa faili, TCP inagundua pengo na kutuma tena. Video ya mkutano haina nafasi ya kungoja pakiti iliyopotea, kwa hiyo picha inaganda. Ndiyo maana malalamiko yako mawili yanaweza kuwa na chanzo kimoja.

Na TCP ikiona pakiti zinapotea, hudhani njia imesongamana na kupunguza mwendo yenyewe. Tabia hiyo haikuja bure. Mwaka 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, mwendo wa data uliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40, kwa sababu mashine zilikuwa zikirudia kutuma bila kujizuia. Van Jacobson na wenzake ndipo wakaifundisha TCP kurudi nyuma. Hivyo kwenye njia inayopoteza pakiti, kuongeza Mbps ni kupanua barabara baada ya daraja bovu.

Kwa mikutano yenu, pima vituo viwili. Tumia ping, amri inayotuma pakiti ndogo na kupima muda wa jibu kurudi. Kwanza ruta: `ping -n 100 192.168.1.1` kwenye Windows, au anwani yoyote ya ruta yenu. Kwa kebo, majibu yawe milisekunde 1 au pungufu, na kupotea kuwe sufuri. Zikipotea pakiti hata mbili tatu kila ukirudia jaribio, tatizo liko ndani ya ofisi na mtoa huduma hahusiki. Ruta ikiwa salama, rudia ping kwenda anwani ya nje, kwanza ofisi ikiwa kimya, kisha mtu akipandisha faili kubwa. Muda ukiruka kutoka milisekunde 30 hadi 500, foleni inajazana kwenye ruta upande wa kupandisha, ambao kwenye vifurushi vingi ni mdogo kuliko wa kushusha. Weka kikomo cha kupandisha kwenye ruta, kama asilimia 90 ya kasi uliyoipima, na uhamishie chelezo za wingu (nakala za akiba zinazopelekwa kwenye intaneti) usiku.

Fundi yeyote anayetaka kukuuzia kitu, mwombe namba tatu kwanza: LinkSpeed ya mashine inayolalamikiwa, asilimia ya pakiti zinazopotea hadi kwenye ruta, na muda wa ping njia ikiwa na mzigo. Asiyekuwa nazo anabahatisha kwa fedha yako. Jihadhari pia na anayetaka kugawa kebo moja kwa kompyuta mbili, nyaya nne kwa nne. Inafanya kazi, lakini zote mbili zinabaki kwenye 100 milele.

Na mkivuta kebo mpya, isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta, kebo fupi za miishoni zikihesabiwa pia. Kabla ya kulipa kasha zima, kata kipande na ukwangue waya kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ikitokea rangi ya fedha chini ya ngozi nyembamba ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa: ukinzani wake ni mkubwa zaidi, hukatika upesi ikikunjwa, na ikibebeshwa umeme wa kamera au wa simu za mezani hupata joto. Irudishe.